Kusugua Ukuta kama Sufuria

Mbao ikiletwa mbele yako, usianze kwa kuitazama. Igonge kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemwamini. Ikijibu kwa sauti kavu, endelea na mazungumzo. Ikijibu "dufu" kama godoro, bado ina maji, na muuzaji anataka uyanunue maji hayo kwa bei ya mti.

Nyinyi vijana mnaonipigia simu kuniuliza habari za kuta za mbao zilizochomwa, nimechoka kumweleza kila mtu kipande chake. Nitaandika mara moja, msome mara mbili. Nimefanya kazi ya mbao hapa Kakamega miaka thelathini na nne. Hesabu ya kwanza ilitoka thelathini na tano, lakini kuna mwaka mmoja niliuza samaki, na huo haumo. Ile kumi na miwili ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikichoma. Unachukua mbao, unauchoma uso wake mpaka uwe na ngozi ya mkaa, kisha unaipigilia nje ya nyumba, mkaa ukitazama mvua. Mchwa hawaupendi mkaa, ukungu haupati cha kula, maji yanateleza. Hayo ni maneno ya muuzaji. Ondoa nusu, utabaki na ukweli, na nusu hiyo bado inatosha kununuliwa.

Nilipomwambia hivyo Mwalimu Ambani, alicheka, akaagiza nyumba nzima.

Mwalimu alikuwa na sababu. Alikuwa amejenga nje kidogo ya mji, na mchwa walikuwa wamekula mbao zake za ukuta mara mbili. Lakini sababu kubwa ilikuwa mama yake, Kukhu Mmbone. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na sote tulimwita hivyo. Aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, katika nyumba ya udongo ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umepasuka kiasi cha mkono kuingia. Nilikwenda nikauingiza wangu, ukaingia hadi kiwiko. Kitanda cha Kukhu kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo. Mvua za masika zilikuwa karibu. Mwalimu alitaka mama yake ahamie kwake kabla ya mvua hizo, basi. Mengine yote, rangi, madirisha, picha alizonionyesha kwenye simu, yalikuwa mapambo.

Nitarudi kwa Kukhu. Kwanza mjue mbao zilitoka wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnapoibiwa mkiwa mmesimama.

Nilizinunua kule Matete. Muuzaji alikuwa na ulimi mwepesi. Alihesabu akipiga kila mbao kofi: "Ishirini na nane, mama yangu, ishirini na tisa, unaniumiza kwa hiyo bei, thelathini." Nami nikahesabu nyuma yake, mara mbili, nikapata thelathini kila mara. Nikajiona mjanja. Tulipofika nyumbani na kuifungua mizigo, mbao za juu zilikuwa na moyo mwekundu wa mti wa saiprasi, na zile za katikati zilikuwa nyeupe upande mzima. Nyeupe hiyo ni nyama ya nje ya mti, ile iliyokuwa ikinywa maji mti ukiwa hai. Ukiichoma, itakuwa nyeusi kama mwenzake, na hakuna atakayejua, mpaka mwaka wa tatu ioze yenyewe na kuwaacha wenzake wamesimama. Nilikuwa nimehesabu mbao, sikuhesabu mioyo. Nilizitenga zile nyeupe, nikarudi kununua nyingine mara kadhaa mpaka zikatosha nyumba. Tangu siku hiyo nikienda kununua, natoa mbao kutoka katikati ya rundo, na muuzaji akikunja uso najua nimefika mahali.

Kuhusu ukavu, kugonga ni mwanzo tu. Aliyenifundisha mengine ni Mzee Barasa, aliyekuwa akipasua magogo kule Lubao kabla sijajua tofauti ya randa na tupa. Barasa alikuwa akichukua kipande kimoja cha mbao, anakitia alama, anakipeleka kwenye mizani ya posho mill, pale wanaposaga mahindi. Jumatatu kinapimwa. Jumatatu inayofuata kinapimwa tena. Kama kimepungua, mbao zote hazijakauka. Zirudishwe kivulini, zipangwe na vijiti katikati ili hewa ipite. Kama uzito umesimama, fanya kazi. Mwenye mashine alimuuliza siku moja, "Mzee, hiyo ugali yako inasagwa lini?" Barasa akamwambia, "Ikikubali kupungua mara ya mwisho." Hakuwahi kununua kifaa cha kupimia unyevu. Mimi nilinunua kimoja baadaye, na bado nilikuwa nakwenda posho mill kukihakiki.

Sasa moto. Siku hizi wengi wenu mna mtungi wa gesi na bomba la kuchomea, nayo ni njia nzuri kwa mbao chache. Lakini kwa nyumba nzima mimi nilitumia bomba la mbao zenyewe. Unachukua mbao tatu, unazisimamisha zikitazamana kama pembetatu, nyuso zitakazokaa nje zikiwa ndani ya bomba hilo. Upande uliokuwa karibu na gome ndio uso. Unafunga kwa waya juu, katikati na chini, unaweka juu ya matofali ili hewa iingie, kisha unawasha magunzi makavu ya mahindi hapo chini. Moto unapanda wenyewe kama unaitwa. Utausikia ukinguruma. Usiogope sauti, ogopa ukimya, maana ukimya una maana moto umekula mbao upande mmoja na kusahau mwingine. Dakika chache, unageuza chini iwe juu. Mkaa ukifika unene wa sarafu mbili, unakata waya, unafungua, unamwaga maji. Fanya asubuhi. Huku kwetu mvua ya alasiri haikuulizi kama umemaliza. Maji yawe karibu kabla kiberiti hakijatoka mfukoni, na asiwepo mtu mwenye leso inayopepea. Niliwahi kuona leso ikishika moto, na mwenyewe alikuwa ndani yake. Alipona. Leso haikupona.

Kosa langu kubwa la awali lilikuwa kukata baada ya kuchoma. Nilichoma mbao zote, nikapendezwa nazo, kisha nikazikata kwa urefu wa ukuta na kuzipigilia na ncha zake mbichi, nyeupe kama meno. Barasa alikuja kuangalia. Akazunguka nyumba, mikono nyuma. Mwisho akaniuliza, "Hizi mbao zinanywia wapi?" Nikasema sijui. Akainama, akaweka kidole kwenye ncha ya chini. "Hapa. Umezifunika mwili, ukaziachia mdomo wazi." Kata kwanza, choma baadaye. Na ukilazimika kukata tena, ncha hiyo ichomwe au inyweshwe mafuta kabla haijapanda ukutani.

Basi kwa Mwalimu Ambani nilifanya kila kitu sawa, au nilidhani hivyo. Mbao za mioyo myekundu, zimekauka, zimekatwa, zimechomwa. Nyuma yake nikapigilia mbao nyembamba ili upepo upite kati ya mbao na ukuta, nafasi ya kidole gumba. Chini nikaacha futi moja kutoka ardhini, kwa sababu mvua ya hapa haianguki tu, inaruka juu tena na tope. Nikaziba uwazi wa chini kwa wavu ili nyuki na panya wasilete familia. Misumari isiyoshika kutu. Kisha nikasimama barabarani kuangalia kazi. Nyumba ilikuwa nyeusi tititi, na mkaa wake umepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Ilifanana kabisa na picha iliyokuwa kwenye simu ya Mwalimu.

Kukhu Mmbone aliletwa kuiona siku ya Jumapili, baada ya kanisa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Alifika langoni akasimama.

"Nani ameungua?" akauliza.

"Hakuna, mama," Mwalimu akasema. "Nyumba haijachomeka."

"Nina macho."

"Haijachomeka yenyewe, mama. Imechomwa. Makusudi."

Hapo Mwalimu alitakiwa kunyamaza. Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka yote hiyo alitakiwa kujua kwamba kwetu nyumba iliyochomeka ni ajali, na iliyochomwa ni uadui.

"Makusudi," Kukhu akarudia. "Na aliyeichoma anajulikana?"

"Ndiyo, mama. Ni huyu hapa." Akanionyesha mimi.

Kukhu akaniangalia kuanzia viatu. "Na bado amesimama hapa?"

"Nilimlipa, mama."

Mimi nimefanya biashara na watu wagumu, lakini sijawahi kuona mauzo yakifa haraka namna hiyo. Kukhu aliweka kiganja chake ukutani, taratibu, kama anayemgusa mgonjwa. Akakitoa kikiwa cheusi. Akakionyesha kwa mwanawe, akakipangusa kwenye shati la mwanawe, akageuka kwenda kwake kwa miguu.

Wiki hiyo majirani walianza kuja kutoa pole. Mmoja alileta blanketi. Mwingine debe la mahindi na kuku mmoja aliyefungwa miguu, maana alisikia kila kitu kimeteketea. Mwalimu alirudisha blanketi. Kuhusu kuku nilimuuliza, akaanza kuzungumzia mvua.

Na mvua zilikuwa zinakuja kweli. Mawingu yalishuka kila alasiri, yakajaribu kidogo, yakaondoka. Mwalimu akaja kwangu. "Mama Mbao, nenda wewe umwongeleshe. Mimi hanisikii. Ananiambia nimesomeshwa mpaka nikapotea." Nikamwambia siwezi kumlazimisha mtu kupenda ukuta. Akasema, "Sitaki aupende. Nataka asilale chini ya ule mwingine."

Nikaenda. Nilimkuta Kukhu nje, ameketi kwenye kigoda, anasugua sufuria. Alikuwa na jivu, mchanga, na gunzi la mahindi mkononi. Sufuria hiyo ilikuwa na umri wa mwanawe, na chini yake ungeweza kujiona na kuchana nywele.

"Mukhana," akaniita. Ndivyo tunavyomwita msichana, na mimi nilikuwa na wajukuu wanne. "Umekuja kuchoma na hii?"

"Nimekuja kukusalimia, Kukhu."

"Salamu nimepokea. Sasa sema."

Nikamweleza yote: mchwa, ukungu, mvua, mioyo ya mbao, mizani ya posho mill. Alisikiliza bila kuacha kusugua. Nilipomaliza akasema, "Kwetu nyumba ikichomwa watu wanahamanga. Nyinyi ndiyo mnahamia."

"Ni mkaa tu, Kukhu. Ni dawa ya mbao."

"Sijakataa dawa. Mbona inatoka?" Akanyanyua kiganja. "Sufuria ikitoka motoni inaoshwa. Wewe umepika ukuta, ukauacha na masizi yake. Nani amekufundisha hiyo?"

Aliyenifundisha alinifundisha kusugua. Baada ya moto, mbao hupigwa brashi ya waya, unafuata mistari ya mti, ule mkaa uliolegea unatoka, unabaki ule ulioshika. Kisha unaosha, unakausha, unapaka mafuta. Mimi nilikuwa nimeruka hatua hiyo. Nilijiambia ni kwa sababu ya picha ya Mwalimu, kwamba anataka ngozi ya mamba. Ukweli ni kwamba kusugua mbao za nyumba nzima ni kazi ya mabega, na yangu yalikuwa yameanza kunidai. Ile ngozi nene inaweza kuachwa, wako wanaoiacha, lakini iwe mahali ambapo hapafikiwi na mabega, migongo na mikono ya watu. Si kando ya mlango.

Hayo sikumwambia Kukhu. Nilimwambia nitafikiria. Mfanyabiashara akisema atafikiria, ameshindwa.

Jumamosi niliitwa kwa simu. Mwalimu alikuwa ananong'ona. "Njoo. Mama yuko hapa. Anaosha nyumba."

Nilipofika nilimkuta amekunja mikono ya gauni, ndoo kando, mchanga kando, gunzi mkononi, anausugua ukuta wangu kando ya mlango kwa miduara, kama sufuria. Alikuwa ameanza alfajiri. Kutoka chini hadi mahali mkono wake ulipofika, mbao zilikuwa za kahawia. Juu ya hapo, nyeusi. Ilionekana kama nyumba imevaa sketi.

Nikahesabu mbao zilizoharibiwa. Tisa. Nikahesabu tena, kwa hasira. Tisa.

"Kukhu, umeniharibia kazi."

"Weka mkono."

"Kukhu, huo mkaa ndio—"

"Weka mkono, mukhana."

Nikaweka. Nikautoa ukiwa safi. Nikaweka tena mahali pengine. Safi. Mistari ya mti ilikuwa imeinuka, nyama laini kati yake imeondoka, na kwenye mabonde hayo mkaa ulioshika bado ulikuwepo, mweusi, mwembamba. Alikuwa amekwaruza kwa miduara, kwa hiyo kulikuwa na alama zinazokwenda kinyume cha mti, na hizo zingeshika maji. Lakini ukiondoa hiyo miduara, ilikuwa kazi niliyolipwa kuifanya.

"Fuata mstari," nikamwambia. "Juu chini. Usizungushe."

"Sasa unanifundisha kusugua?"

"Nakufundisha ukuta. Kusugua unajua."

Hapo ndipo tulipoanza kupatana. Yeye alitaka nyumba yote isuguliwe, pande nne. Mimi nikasema zile tisa, nizisawazishe, basi. Akakaa juu ya ndoo yake. Akasema kama ni tisa, basi yeye atakuja kukaa mbele ya hizo tisa, nje, kwenye mvua. Nikasema upande wa mbele. Akasema pande nne. Nikasema mbele na chumba chake. Akaanza kukusanya mchanga wake, nami nikajua tumefika.

"Nitakuja kutembea tu," akamwambia mwanawe. "Sijasema kuhama."

Zilikuwa mbao arobaini na moja. Nilizisugua siku tatu kwa brashi ya waya, kufuata mstari, kuanzia juu kushuka, na siku ya tatu sikuweza kuinua kikombe cha chai. Nikaziosha, nikaziacha zikauke siku zenye jua, nikapaka mafuta ya kitani mara mbili kwa kitambaa, mara ya pili baada ya ya kwanza kunywewa. Hapa nisikilizeni, kwa sababu hili halina utani: vitambaa vya mafuta hayo visikunjwe na kutupwa pembeni. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandazwe nje moja moja vikauke, au vizamishwe ndani ya ndoo ya maji. Nyumba yako ichomwe mara moja tu, na wewe ukiwepo.

Baada ya hapo kuitunza si kazi kubwa. Mara moja kwa mwaka osha kwa maji na brashi laini. Usikubali mtu aje na mashine ya kuoshea magari, inachimba. Tazama ncha za chini baada ya masika. Mwaga maji kidogo ukutani: yakisimama kama shanga, uko sawa, yakizama, paka mafuta. Upande unaopigwa na jua la mchana utapauka mapema, upake huo peke yake, usidanganywe kupaka nyumba yote. Na majani yasiote kuegemea ukuta, hata kama ni maua ya mama mwenye nyumba. Kwa hilo mtapatana wenyewe.

Kukhu alikuja na begi moja, kama mgeni. Alilala kwenye chumba chake kipya, akala, akalalamikia chumvi. Usiku wa nne mvua yenyewe ikaja. Asubuhi tukaambiwa ule ukuta wa nyuma ng'ambo ya kijito umelala ndani, mzima mzima, juu ya mahali kitanda kilipokuwa. Mwalimu alimpa mama yake habari hiyo akiwa amesimama, na mimi nilikuwepo, nimekuja kuangalia maji yanavyoteleza kwenye mbao. Kukhu alikunywa chai yake mpaka chini. Kisha akamwita kijana wa boda boda akamwelekeza kwake.

Boda boda ilirudi imebeba gunia. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, meusi, ya miaka mingi. Mwalimu aliyaona akaingia ndani haraka, akijifanya anatafuta miwani. Mwanamke wa huku hatembei na mafiga yake. Akiyaleta, amehama.

Tatizo ni kwamba Kukhu aliyapanga chini ya paa, mkono mmoja kutoka kwenye mbao zangu arobaini na moja zilizotoka kunywa mafuta.

"Kukhu, hapana. Moto usogee."

"Si ulisema huu ukuta umeshachomwa? Unachomwanga mara ngapi?"

"Mbao iliyochomwa inachelewa kushika moto. Sikusema haishiki. Hatua kumi."

"Tatu."

"Nane."

"Mvua ikinyesha nitapikia mtoni? Nne."

"Saba."

"Tano, kwa sababu umenisugulia vizuri."

"Sita, Kukhu, na sirudi nyuma tena."

Akanitazama, akakubali kwa kichwa. Sita. Nikamshika mkono kwa furaha, maana ni wachache niliowahi kuwavuta mbali hivyo.

Kukhu akainuka, akaweka kisigino ukutani, akaanza kupima mwenyewe, polepole, kwa hatua fupi za magoti yake ya miaka themanini na kitu. Moja. Mbili. Alipofika sita akaweka figa la kwanza chini. Nikatembea kutoka ukutani hadi hapo kwa hatua zangu, nikarudi ukutani, nikatembea tena.

Tatu.